Yatima hahitaji unga tu, anahitaji jamaa

Kijana mmoja alinitembelea parokiani Jumanne moja jioni. Alikuwa amesafiri kutoka parokia niliyoihudumu zamani. Nikamwuliza, "Kijana, tunafahamiana?" Akatabasamu kidogo. "Padri, wewe ndiye uliyenibatiza, mkesha wa Pasaka, nikiwa darasa la sita. Nililelewa na masista."

Niliona haya. Katika makao yale nilikuwa nikienda kila Krismasi na waumini wangu. Tulibeba unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni. Watoto walituimbia, tukapiga nao picha, tukaondoka kabla ya saa kumi. Idadi ya magunia niliijua. Jina la mtoto hata mmoja sikulikumbuka.

Shida iliyomleta haikuwa pesa. Ni seremala, na mahari alikuwa ameiwekea akiba. Alitaka kuoa, na wazazi wa msichana walikuwa wamemwambia aje na watu wake. "Padri," aliniuliza, "watu wangu ni akina nani?"

Swali hilo ndilo tafakari yetu leo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Masista walimlea kijana yule. Walimlisha, wakamsomesha, wakakesha naye alipougua. Lakini hawangeweza kumpa mjomba, shangazi na nyanya. Hilo lilikuwa juu yetu sisi waumini, nasi tulipeleka sabuni.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Sisi Wakristo tunakiri kwamba maji ya ubatizo yanatufanya watoto wa Baba mmoja. Basi mbona mtoto aliyebatizwa kanisani mwetu hana wa kumjulia hali? Ama maji yale yana uzito, ama tunawalowesha watoto vichwa bure.

Tazama Maandiko. Esta alifiwa na baba na mama, na binamu yake Mordekai akamchukua kuwa binti yake (Esta 2:7). Esta alipopelekwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai hakusema kazi yake imekwisha. Alipita mbele ya ua wa wanawake kila siku ili ajue hali yake (Esta 2:11). Kila siku, si kila Krismasi. Naye Bwana wetu, alipokuwa msalabani, hakumwachia mama yake fedha. Alimpa mwana, na mwanafunzi akapata mama (Yohana 19:26-27). Mtume Yakobo anapotaja dini iliyo safi, anataja kwanza kuwaendea yatima na wajane katika dhiki yao (Yakobo 1:27).

Hapa kwetu tuna mfano. Mwaka 1992 Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa ajili ya yatima wenye virusi vya UKIMWI. Siku zile watu wengi waliogopa hata kuwashika mkono. Watoto hao waliponyimwa nafasi katika shule za umma, makao yalikwenda mahakamani, na mwaka 2004 serikali ikakubali wapokelewe. Baadaye huko Kitui kikaanzishwa kijiji ambamo yatima wanaishi na wazee waliofiwa na watoto wao kwa ugonjwa huo huo. Nyanya aliyezika watoto wake anapata wajukuu wa kulea. Mjukuu anapata mtu wa kumwuliza jioni, "Umekula?" Padri huyo alifariki mwaka 2006. Alielewa kwamba mtoto anahitaji dawa na kitanda, na pia anahitaji kuwa wa mtu.

Tukumbuke vilevile kwamba si kila mtoto aliye makaoni ni yatima. Wako wenye mama hai aliyelemewa na kodi ya nyumba na karo, na wako wenye shangazi kijijini aliyeogopa kuongeza mdomo mezani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatilia mkazo malezi ya familia. Mfuko wa unga ukimfikia mama huyo mapema, huenda mtoto asihitaji kupelekwa kwa masista kamwe. Jumuiya Ndogo Ndogo inamjua mama huyo. Isingoje mpaka amwache mtoto mlangoni pa kanisa.

Kwa watoto walio makaoni tayari, tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Familia moja ijue mtoto mmoja kwa jina. Iende siku yake ya kuzaliwa, na siku ya mkutano wa wazazi shuleni. Iende Februari, wakati wapiga picha wamekwisha kwenda zao. Ifanye hivyo kwa idhini ya wasimamizi na afisa wa watoto, maana mtoto huyu ameumia na anastahili kulindwa. Na asiyeweza kuendelea asianze. Kuachwa mara ya pili kunauma kuliko mara ya kwanza.

Je, kijana yule? Nilimpigia simu mwenyekiti wa jumuiya ya kule. Tulikwenda watu sita: mwenyekiti na mkewe, katekista, mzee mmoja mwenye duka, sista aliyemlea, na mimi. Mjomba wa msichana akauliza, kama ilivyo desturi, "Huyu ni mtoto wa nani?" Kukawa kimya. Kijana akainamisha kichwa. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia, akasema, "Ni wetu."

Waliooana wana mtoto sasa. Jina la baba yake nalijua. Nalitaja katika Misa, nikimwomba Mungu anisamehe miaka ile niliyohesabu magunia.