Namba Zilipoganda Ukumbini

Jioni ya kuhesabu kura za serikali ya wanafunzi nilipewa kazi moja tu: kuhakikisha jumla ya kila mgombea inaonekana ukutani kwa projekta, papo hapo, kadiri makarani wanavyoingiza. Tulipofika sanduku la nne, namba zikaganda. Karani anasoma matokeo kwa sauti, ukuta uko palepale. Nyuma ya ukumbi mtu akapayuka, "Wanapika hao!" Mwenyekiti wa tume akanigeukia: "Dogo, vipi tena?" Sikuwa na jibu. Naliandika sasa, maana wengi wetu tunafungua WebSocket kwa mstari mmoja wa kodi na kudhani kazi imekwisha.

Ukurasa wa kawaida unaishi kwa kuuliza na kujibiwa. Kivinjari kinaomba, seva inajibu, kisha kila mtu na hamsini zake. Seva ikipata jambo jipya haina njia ya kukugongea. Utabaki unauliza kila sekunde, "kuna jipya?", na bando linakwisha. WebSocket, ambayo kanuni zake zilitolewa rasmi mwaka 2011 katika waraka wa RFC 6455, inaacha njia wazi ili upande wowote uongee wakati wowote.

Njia hiyo inafunguliwaje? Mimi niliandika `new WebSocket(...)` na anwani ya seva, nikaona imetosha. Kumbe chini yake kuna mazungumzo. Programu yako inaunganika kwanza na seva kwa TCP, kisha inatuma ombi la kawaida kabisa la HTTP lenye maneno `Upgrade: websocket`. Yaani: tumeanza kwa HTTP, lakini naomba tubadili lugha. Ombi hilo linabeba pia `Sec-WebSocket-Key`, baiti 16 za kubahatisha zilizoandikwa kwa Base64. Seva ikikubali inajibu kwa namba 101, siyo ile 200 tuliyoizoea. Tena lazima ioneshe kwamba imeelewa: inauchukua ule ufunguo, inaubandika kwenye mfuatano maalumu wa herufi uliotajwa ndani ya RFC, inaupitisha kwenye SHA-1 na kurudisha matokeo. Programu yako inapiga hesabu ileile. Zisipolingana, inakata. Wapo wanaodhani ufunguo huo ni ulinzi wa siri. Wala! Kazi yake ni kuhakikisha anayejibu anaijua WebSocket kweli, si seva iliyoitikia tu bila kuelewa.

Yote hayo yanachukua muda, hata kama ni sehemu ndogo ya sekunde, na `new WebSocket` haisubiri. Inakukabidhi kitu mkononi mara moja, `readyState` yake ikiwa 0, maana yake bado inaunganisha. Ikifika 1 ndipo njia iko wazi, na tukio la `open` linatokea.

Turudi ukumbini. Sanduku la nne lilikuwa na ubishi wa kura zilizoharibika, dakika kadhaa zikapita bila namba mpya. Proksi iliyokaa mbele ya seva yetu ilikuwa imepangiwa kukata njia yoyote iliyokaa kimya kwa sekunde 60. Ikakata. Kivinjari kilijua, kikatoa tukio la `close` lenye namba 1006, ila sikuwa nimeandika chochote cha kulisikiliza. Bwenini nilikuwa najaribu kwa kura za uongo zinazoingia kila sekunde, kimya kingetoka wapi?

Mikono ikitetemeka, nikaongeza mistari miwili: fungua njia, tuma "nipe jumla". Nikapakia ukurasa upya. Ukuta ukaonesha sifuri kwa wagombea wote. Jamani, kelele zile! Seva yangu ilikuwa inatuma nyongeza tu, jumla nilimwachia kivinjari aikumbuke, na sasa nilikuwa nimemfutia kumbukumbu. Ombi la jumla nalo halikuondoka, kwa sababu nililituma wakati hali ni 0. Kivinjari kikatupa kosa la `InvalidStateError` na kuishia hapo. Nilipouhamishia mstari wa `send` ndani ya `onopen`, namba zikarudi.

Siku hizi seva yangu inatuma ping kila sekunde 30. Kivinjari kinaijibu chenyewe kwa pong, wewe huandiki kitu, na proksi haioni kimya. Njia ikikatika, ukurasa unasubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na punje ya bahati nasibu juu yake, ili simu za ukumbi mzima zisiivamie seva kwa pamoja. Na kila njia inapofunguka, kitu cha kwanza ni kuomba jumla.

Mgombea aliyeshindwa hakuuamini ukuta, na simlaumu. Aliomba fomu za karatasi zilizosainiwa na mawakala, akazijumlisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza. Zililingana.