Spika Sikivu kwa Kikuza Sauti cha Vali

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zilizoipokea zilikuwa za vali, yaani zile chupa ndogo za kioo ambazo hazina budi kupata moto kwanza ndipo sauti isikike. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilikuja baadaye kuzifukuza vali madukani. Hata hivyo vali hazikutoweka. Vikuza sauti vya aina hiyo vinatengenezwa hadi leo, na wapo wapenzi wa taarabu na wapiga magitaa wasiotaka kusikia habari ya kitu kingine.

Kosa linalotokea mara nyingi ni hili. Mtu hupata kikuza sauti cha vali, akakiunganisha na spika ndogo za kisasa, kisha sauti ikatoka hafifu na ya kukwaruza. Lawama huangukia vali. Vali mpya huagizwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa, na zikifika sauti ni ile ile. Kumbe mkosaji alikuwa spika.

Vali haina nguvu nyingi, na hilo si ugonjwa bali ndiyo tabia yake. Ile iitwayo 300B, iliyobuniwa na kampuni ya Western Electric katika miaka ya 1930, ikifanya kazi peke yake hutoa kiasi cha wati 8. EL84, iliyo ndogo zaidi, hutoa kama wati 5. Kikuza sauti cha transista cha wati 100 ni kitu cha kawaida siku hizi, kwa hiyo watengenezaji wengi wa spika hawajali tena kama spika zao zinakula umeme mwingi. Mwenye vali hana budi kujali.

Kipimo cha kuangaliwa ni usikivu wa spika. Spika hupewa wati 1, na ukali wa sauti yake hupimwa kwa desibeli katika umbali wa mita 1. Kama vile mtoto msikivu asivyongoja kukaripiwa, spika sikivu huitikia umeme kidogo. Kila nguvu inapoongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Na mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa desibeli 6.

Ichukuliwe kwamba kikuza sauti cha wati 8 kimewekwa uani, na msikilizaji ameketi mita 8 mbali. Spika yenye desibeli 86 itamfikishia desibeli 77 kwa nguvu zote za vali. Si haba, mtu angesema. Lakini mapigo ya ngoma hupita wastani wa muziki kwa desibeli 10 au zaidi, na yakikosa nafasi hukatwa vichwa. Ndiyo maana sauti hukwaruza. Wastani basi hauna budi kuteremshwa hadi 67 hivi, kiasi ambacho mazungumzo ya majirani yanaweza kuusumbua. Spika yenye desibeli 98 itampa msikilizaji huyo huyo desibeli 12 zaidi. Ili spika ya kwanza iifikie ya pili, zingehitajika wati zipatazo 128.

Tofauti hiyo hutokana na namna spika inavyoshikana na hewa. Koni ya karatasi ni nzito, na hewa ni nyepesi. Koni huisukuma hewa kama mtu apigaye ngumi upepo. Katika spika ya desibeli 92, ni takriban sehemu 1 tu kati ya 100 za umeme inayogeuka kuwa sauti, na zilizobaki huwa joto. Dawa yake watu wa pwani waliijua kabla ya umeme. Mdomo wa zumari umepanuka, baragumu limepanuka, na mvuvi anayemwita mwenzake aliye ngalawani huzungushia viganja kinywani. Umbo linalopanuka polepole huishikanisha hewa na kinachoitikisa. Spika za tarumbeta zilizo juu ya misikiti, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, zinatumia kanuni hiyo hiyo, na nyingi hupita desibeli 100.

Hata hivyo asikimbilie mtu kununua tarumbeta za msikitini. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya maneno; sauti nzito hazipiti humo, na msondo wa Wazaramo ungesikika kama debe. Ili tarumbeta itoe sauti nzito ni lazima iwe kubwa mno. Spika ya koni nayo ina sharti lake: usikivu mwingi, sauti nzito na kasha dogo havipatikani pamoja. Atakaye viwili vya kwanza akubali kasha lenye ukubwa wa kabati.

Jambo la pili ni omu. Vali hutaka mzigo mkubwa, na transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayopatanisha pande mbili. Vali ikitaka omu 5000 na spika ikiwa ya omu 8, nyaya za transfoma huzungushwa kwa uwiano wa 25 kwa 1, kwa kuwa 25 mara 25 ni 625, na 625 mara 8 ni 5000. Spika iunganishwe kwenye tundu linalolingana na omu zake. Kikuza sauti cha vali kisiwashwe kamwe na kupigishwa muziki bila spika: volti hupanda ndani ya transfoma mpaka kuiunguza. Tena orodha za madukani zisomwe kwa uangalifu, kwani baadhi ya watengenezaji hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati 1. Kwa ya omu 4 ni wati 2, na desibeli 3 hupatikana za bure kwenye karatasi.

Kwa pwani kuna hesabu nyingine, ya chumvi na unyevu. Ukingo wa sponji unaozunguka koni huoza na kumong'onyoka. Ukingo wa kitambaa kilichotiwa dawa hudumu zaidi. Spika sikivu mara nyingi huwa na mwanya mwembamba sana baina ya sumaku na koili, na kutu kidogo tu huuziba. Anayenunua spika iliyokwisha tumika aisukume koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, huku ametega sikio. Ikisikika sauti ya kukwaruza, airudishe kwa mwenyewe, hata kama bei ni ya kutupa.