Tirumala: Kilima ambako nywele ni sadaka, kisha bidhaa

Wigi la nywele za binadamu linalouzwa Kariakoo, Nairobi au Kampala huenda lilianza safari yake kilimani, kwenye hekalu la Kihindu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa India.

Hekalu hilo la mungu Venkateswara liko kwenye safu ya vilima saba, zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kila siku hupokea makumi ya maelfu ya mahujaji. Wengi hupanda kwa basi kutoka mji wa Tirupati ulio chini. Wenye nadhiri hukwea ngazi zaidi ya 3,500 za njia ya Alipiri, wengine pekupeku.

Waumini husimulia kwamba Venkateswara alikopa kwa Kubera, mungu wa utajiri, ili agharimie harusi yake, na deni hilo halijaisha. Ndiyo maana hutia fedha na dhahabu katika chombo cha sadaka kiitwacho hundi, jina ambalo sisi tumelizoea benki.

Asiye na dhahabu hutoa nywele. Katika ukumbi wa Kalyanakatta vinyozi hufanya kazi usiku na mchana, na anayenyolewa halipi kitu. Wanaume, wanawake na watoto hutoka na vipara vilivyopakwa liwa. Nywele hupangwa kwa urefu, kisha uongozi wa hekalu huziuza kwa mnada mtandaoni. Zilizo ndefu ndizo ghali zaidi. Aliyezitoa hadai chochote. Kwake nadhiri imetimia.

Lakini sadaka ikishakuwa mzigo, huzaa maswali. Mwaka 2004 baadhi ya marabi walipiga marufuku mawigi ya nywele za India, wakisema zimetokana na ibada ya miungu mingine. Mjini New York na Jerusalem wanawake wa Kiyahudi waliyachoma moto hadharani, na wenye maduka wakabaki na mzigo usiouzika. Mwaka 2022 serikali ya India nayo ilidhibiti uuzaji wa nywele ghafi nje, baada ya malalamiko ya magendo kupitia nchi jirani. Mfanyabiashara wa Namanga au Busia haelezwi zaidi hapo.

Anayefuata bidhaa Chennai anaweza kufika Tirupati kwa saa chache za barabara. Asiye Mhindu hutakiwa kutia saini tamko la kumheshimu na kumwamini mungu wa hekalu kabla ya kuingia; aamue mapema kama dhamiri yake inaruhusu. Simu na kamera huachwa nje, na mavazi yawe ya heshima. Foleni huweza kula saa nyingi.

Na asiyekwenda, amuulize msambazaji wake: nywele hizi zimetoka wapi, na karatasi zake ziko wapi? Mteja naye ataanza kuuliza siku moja.