Rangi ya Maji

Mtoto akiulizwa, "Maji yana rangi gani?" hujibu upesi, "Hayana rangi." Na tuitazame picha moja, tuone kama jibu hilo latosha.

Mwezi wa Machi 1876 mto Seine ulifurika, maji yakaingia kijiji cha Port-Marly, karibu na Paris, katika nchi ya Ufaransa. Alfred Sisley, mchoraji aliyezaliwa Paris mwaka 1839 na wazazi Waingereza, akayachora. Katika picha yake twaona duka la mvinyo limezungukwa na maji, na mashua mbele yake. Juu yametanda mawingu.

Tukiikaribia, twaona alama za brashi tu, nyeupe, kijivu na buluu, kama kazi isiyokwisha. Tukirudi nyuma hatua chache, alama zile huungana, zikawa maji yang'aayo. Siri yake ni hii: maji huchukua rangi ya mbingu. Mawingu yakisogea, mto nao hugeuka. Ndiyo sababu Sisley na wenziwe, walioitwa Waimpreshonisti, walichora upesi, kabla nuru haijapita.

Watu wengi waliwacheka. Sisley alikufa maskini mwaka 1899. Mwaka uliofuata picha hii ikauzwa kwa faranga 43,000. Sasa imo katika Makumbusho ya Orsay, Paris.

Basi tupitapo mtoni siku ya mawingu, na tusimame kidogo, tutazame kwanza, ndipo tujibu.