Je, Wajua? Sofa Kubwa la Sebuleni Lina Mambo!

Je, wajua kwamba sofa la kona lililojaza sebule ya mtu Dar es Salaam huenda lilipita Nyololo likiwa bado mbao kwenye lori? Nyololo iko Mufindi, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, katika nchi ya misindano. Hebu geuza sofa lako, funua kile kitambaa cheusi cha chini. Ukikuta mbao nyeupe inayoelekea umanjano, yenye vifundo vya kahawia na harufu ya utomvu, basi huo ni msindano, mafundi wanauita paini.

Na shamba lenyewe sasa! Shamba la Miti Sao Hill, hapo hapo Mufindi, lina eneo la zaidi ya hekta 135,000. Kisiwa cha Pemba, chote na mikarafuu yake, hakifiki hekta 100,000. Umesikia vizuri: shamba la miti limekizidi kisiwa kizima!

Asili ya msindano huo je? Mexico! Hukaa shambani kati ya miaka 18 na 25 kabla ya kuvunwa kwa mbao. Mtoto aliyezaliwa siku mche unapandwa anaweza kuwa na kitambulisho cha taifa siku mti unaangushwa.

Bonyeza sponji kwa kidole gumba, kisha achia. Unajua umebonyeza nini? Hewa! Sponji ya sofa ni hewa kwa zaidi ya asilimia 95. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ya sponji ya kawaida haizidi sana kilo 30. Kemikali iliyoizaa ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake.

Kabla ya sponji watu walijaza nyuzi, na mkonge nao umo. Ulipoletwa Tanganyika mwaka 1893, miche 1,000 ilianza safari kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu! Mashamba yote makubwa ya Tanga yalianzia hapo.

Kuna sofa maarufu duniani linaloitwa Togo, kama ile nchi ya Afrika Magharibi. Mfaransa Michel Ducaroy alilibuni mwaka 1973, na ndani halina fremu hata kipande: ni sponji tupu. Wazo alilipata kwenye tyubu ya dawa ya meno iliyokunjwa!

Wapenda bei, shikeni viti. Mwaka 2015, kiti kirefu cha kujilaza kilichobuniwa na Marc Newson wa Australia kiliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2.4. Kimevikwa bati la alumini, mto hakina.

Sebule yako ni kubwa? Mwaka 2014, mjini Saratov, Urusi, lilitengenezwa sofa moja lenye urefu wa zaidi ya mita 1,000. Mpe kila mtu sentimita 60, na watu zaidi ya 1,600 wanakaa bega kwa bega!

Sasa hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1966 mwanahisabati Leo Moser aliuliza: katika ukumbi wenye upana wa mita moja, wenye kona ya mraba, ni sofa kubwa kiasi gani linaloweza kusukumwa likapita? Usicheke, swali hilo limewatoa wasomi jasho! Mwaka 1992 Joseph Gerver akachora umbo linalofanana na mkono wa simu ya zamani, lenye eneo la mita za mraba 2.2195. Miaka 32 ikapita. Mwaka 2024, Jineon Baek wa Korea Kusini akatoa uthibitisho wa zaidi ya kurasa 100, akisema kubwa kuliko hilo halipiti.

Na hesabu hiyo ni ya sofa linaloburuzwa sakafuni, bila kulisimamisha wala kulipindua. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujamlipa fundi kianzio, chukua futi kamba upime mlango, ukumbi na ile kona. Kisha mwambie alitengeneze kwa vipande vya kuunganisha, vipite kimoja kimoja.