Siku tatu za mume na mke ndani ya gari-nyumba

KATIKA jimbo la Minnesota, Marekani, wanaishi Wakenya wengi, wakiwamo wa kutoka Kisii, na wengi wao hufanya kazi ya kuuguza wagonjwa na wazee. Si ajabu kukuta mume anaingia nyumbani asubuhi huku mke akitafuta funguo aende zamu yake. Wanapishana mlangoni. Wakizungumza, ni kuhusu watoto, bili na pesa za kutuma nyumbani.

Chukua mfano wa wawili kama hao ambao kitinda mimba wao ameshaenda chuo. Wanaamua kukodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, wakae siku tatu katika hifadhi ya jimbo ya Itasca, takriban saa nne kwa barabara kutoka Minneapolis.

Mvutano huanza kabla ya safari. Mama akisikia kwa simu kwamba watu wanalipa pesa kwenda kulala msituni, atauliza kulikoni, na karo ya mpwa wao imefikia wapi. Swali hilo si la kupuuzwa. Gari-nyumba hukodishwa kwa bei ya juu na hunywa petroli kwelikweli. Kuna malipo ya nafasi ya kuliegesha, na kibali cha kuingia hifadhini hulipiwa pia, kwa siku au kwa mwaka. Afadhali wawili hao wapige hesabu pamoja mezani, za nyumbani zitumwe kwanza, kuliko mmoja kugundua gharama kwenye taarifa ya benki.

Nafasi huwekwa hadi siku 120 kabla, na wikendi za kiangazi hujaa upesi.

Itasca ilianzishwa mwaka 1891 na ndiyo hifadhi kongwe zaidi ya jimbo hilo. Ina maziwa zaidi ya 100, na baadhi ya misonobari yake imepita miaka 200. Mto Mississippi unaanzia hapo, ukiwa mwembamba kiasi kwamba mtu anauvuka kwa kukanyaga mawe. Kituo cha wageni kilicho karibu kina jina la Mary Gibbs, aliyekabidhiwa hifadhi baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 24, alikabiliana na wakata mbao waliokuwa wameziba maji kwa bwawa lao. Binti wa kuhadithiwa watoto, huyo.

Lakini mtihani wenyewe uko ndani ya gari. Kwanza ni kulirudisha nyuma kati ya miti. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nje anapunga mikono, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Bora wakubaliane ishara mapema: mkono juu, simama.

Kisha nafasi. Mmoja akitaka kupita, mwingine sharti akae kitandani. Hakuna chumba cha kukimbilia na kununa, wala zamu ya kumwokoa mtu. Nafasi nyingi zina umeme, ila maji hujazwa kwenye tangi, na bafu ndefu ya mmoja ni ukame wa mwingine. Chakula hakiachwi nje, kwa sababu dubu weusi wapo. Kuni hununuliwa huko huko. Kuja nazo kutoka mbali hakuruhusiwi, maana husafirisha wadudu waharibifu wa miti.

Saa nne usiku kelele zote hukoma, ndiyo sheria ya hifadhi. Hapo ndipo yanapojitokeza yale yaliyoahirishwa miaka mingi: nyumba ya Kisii iliyoishia kwenye linta, mama anayezeeka bila mtu wa karibu, na kama kweli wote wawili wanataka kurudi. Huenda mke anataka na mume hataki. Usiku mmoja hautamaliza shauri hilo, lakini walau kila mmoja amemsikia mwenzake akilisema, bila simu ya kazini kuwakatiza.

Asubuhi ya kuondoka hubaki kazi moja, kumwaga tangi la choo kwenye kituo chake. Wapeane zamu, na glavu wasisahau. Makampuni mengi humtoza anayerudisha gari na tangi limejaa.