Dawa ya Pamba na Wadudu Wasiokufa

Mkulima akinyunyiza dawa, na baada ya siku chache awaone funza wangali wakila vitumba, husema, "Dawa hii ni ya uongo." Pengine ni kweli. Lakini iko sababu nyingine, nayo yafaa ijulikane katika kila nyumba ilimayo pamba.

Huko Peru, kusini ya mji wa Lima, liko bonde liitwalo Cañete. Tangu mwaka 1949 wakulima wake walitumia kwa wingi dawa mpya za viwandani, yaani DDT na nyingine za namna hiyo. Mwanzo walifurahi sana, maana mwaka 1954 mavuno yalifika kilo 728 kwa hekta. Walinyunyiza kwa ndege, hata miti wakaikata ili isizuie ndege hizo. Kisha dawa zikaanza kushindwa moja baada ya moja. Wakazidi kunyunyiza, hata kila baada ya siku tatu, wala wadudu hawakukoma. Mwaka 1956 mavuno yakaanguka hata kilo 332.

Sababu yake ni nini? Dawa haimfundishi mdudu kuvumilia. Katika maelfu ya funza huwamo wachache waliozaliwa na nguvu ya kuishinda sumu ile. Dawa huwaua wenzao wote, hao wachache husalia, wakazaana wao kwa wao, na watoto wao hurithi nguvu hiyo. Ni kama chekeche: kila mara uchekechapo, chenga ndizo zibakizo juu. Tena dawa iliwaua buibui, nyigu na wadudu wengine wawindao funza na vidukari; basi adui akabaki bila mlinzi wa kumzuia.

Watu wa Cañete walipatanaje na hasara hiyo? Waliziacha dawa zile, ila kwa ruhusa maalumu. Waliwarudisha wadudu wawindaji mashambani, wakaweka siku za kupanda na za kulima, wakakataza pamba ya mashina ya mwaka uliopita. Miaka iliyofuata mavuno yakapanda tena.

Funza wa vitumba wa Afrika si yule wa Peru, bali ni jamaa yake, naye amekwisha kuzishinda dawa kadhaa katika Asia, Australia na Afrika Magharibi. Kwa hiyo, kagua shamba kwanza, unyunyize uonapo haja. Fuata kipimo kilichoandikwa. Dawa ikishindwa, usiiongeze maradufu. Muulize bwana shamba dawa ya jamii nyingine, kwani majina mawili dukani huweza kuwa sumu moja. Na mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote uyachome, pamoja na jirani zako. Maana funza aliyelelewa katika shamba la mmoja, akiisha kuwa nondo, haulizi mpaka.